Mwalimu wa Kitengo na Jina Lililoachwa Porini

Alilitaja. Kwa sauti yake ya sokoni, mbele ya lango la chuo, wanafunzi wamejaa madirishani, Mwalimu wa Kitengo alilitaja jina la utotoni la mwanangu, na mwanangu akaacha kupiga kelele.

Walinzi walikuwa wamemkamata, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, wanamburuta kwenye kokoto kutoka chumba cha mtihani. Msajili wa chuo, Bwana Ludovick, alikuja nyuma yao na orodha yake mkononi, anasema, "Huyu hayumo. Mtoeni." Mwalimu na mimi tulikuwa nje, tumezuiwa getini. Mwalimu ameshika nondo za lango kwa mikono yote miwili. Ndipo alipopaza sauti: "Yumo! Huyo ndiye..." na jina. Lote, pamoja na la baba yake, kama lilivyo kwenye cheti.

Yassini, mwanangu, alinyamaza. Walinzi wakadhani ametulia, wakamwachia. Akaja mbio mpaka langoni, akapitisha mkono kati ya nondo, akaniwekea kiganja chini ya pua. Alikuwa anaangalia kama napumua. Alipohakikisha napumua akamgeukia Mwalimu, akampiga konde la uso. Miwani ikavunjika, kioo kikamchana juu ya jicho. Yule mama hakurudi nyuma hata hatua. Damu inamwingia jichoni, akauliza taratibu, "Nimekosea nini, Mheshimiwa?"

Mimi nilikuwa najua amekosea nini. Nilisimama naye bega kwa bega nikijua, wala sikufungua mdomo.

Jina hilo siliandiki. Anayesoma asilitafute humu.

Kwetu Mahurunga, na ukanda wote huu mpaka Kitaya, mvulana akitoka jandoni anatoka na jina jipya. La zamani analiacha porini pamoja na nguo alizoingia nazo. Ukimwita kwa lile la zamani umemtukana, na utalipa kuku. Lakini shuleni lile la zamani linabaki, na watoto wanaliitikia bila taabu, wakifika nyumbani wanakuwa wale wengine. Hakuna anayeona ajabu. Kuna wazee wana vitambulisho vyenye majina ambayo ukiwaita barabarani watakutafuta na fimbo.

Na kule porini wavulana hutishwa. Huambiwa kwamba atakayeitikia jina la utotoni, mama yake anakufa. Waliambiwa wote, wakatetemeka wote, na shule zilipofunguliwa wote wakasema "nipo" kwa majina yale yale ya zamani. Yassini peke yake ndiye aliyeshika. Mwanangu ukimwambia neno analichukua lilivyo, halikunji, halipindi. Aliyemwambia ni kaka yangu mkubwa, Dadi, na kwa utaratibu wetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba yake Yassini alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta maisha, na huko akaishia. Kwa hiyo neno la Dadi lilikuwa neno la mwisho.

Alipotoka jandoni Yassini aliniambia, "Mama, lile jina siliitiki tena. Usiogope, hutakufa." Nikacheka. Tena nilifurahi. Mtoto waliyesema hana mapenzi, hamtazami mtu usoni, hakumbatiki, leo ananilinda na kifo! Nikawasimulia wanawake kisimani. Mwalimu sikumsimulia. Mambo ya porini mwanamke hatakiwi kuyajua, na yeye alikuwa mtu wa mjini, nikaogopa atatucheka. Hiyo ndiyo sehemu yangu, nimeisema mapema. Kaka yangu na Bwana Ludovick wana sehemu zao, nitawafikia.

Kwanza yeye.

Mwalimu wa Kitengo alikuwa hamwiti mtu jina. Watoto wake wote aliwaita Waheshimiwa. "Mheshimiwa, vaa kiatu." "Mheshimiwa, meza kwanza ndipo uongee." Mwalimu mkuu wa shule alimwita Bosi, mlinzi alimwita Jeshi, na sisi mama zao alituita kwa vijiji tulikotoka. Mimi nilikuwa Mahurunga. Mwenzangu mmoja alikuwa Kitaya. Ukimuuliza kwa nini, anasema majina yanamponyoka, kichwa chake ni ndoo iliyotoboka. Mimi nadhani alikuwa mvivu tu wa majina, kama mwingine alivyo mvivu wa kufagia.

Kitengo chenyewe, cha watoto wenye ulemavu, kilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya shule ya msingi, kule mjini. Watoto wachache, unawamaliza kwa macho. Hakukuwa na kuita mahudhurio. Kila mtoto alikuwa na sahani yake ya bati, akiingia anaiweka rafuni, na Mwalimu akitupa jicho kwenye rafu ameshajua nani yupo na nani kabaki nyumbani. Sahani ya Yassini ilikuwa ya bluu, imebanduka ukingoni. Basi miaka ikapita hivyo. Mtoto amebadili jina, kalibeba jipya, kalizika la zamani, na mwalimu wake hana habari, kwa sababu kwake alikuwa Mheshimiwa kabla na Mheshimiwa baadaye.

Alikuwa ananusa ugoro. Kikopo kidogo kwenye pindo la khanga, hakimtoki. Na ugoro humpigisha mtu chafya, na chafya yake ilikuwa kama mlango unaobamizwa na upepo, na watoto wale mlango ukibamizwa wengine hujifungia masikio mpaka jioni. Basi akishanusa anatoka mbio, anazunguka nyuma ya choo, anapiga chafya zake huko, anarudi anafuta machozi kama mtu katoka msibani. Walimu wenzake walikuwa wanamcheka. "Si uache tu hiyo takataka?" Anawajibu, "Niache mimi, au waache wao kusikia? Kila mtu na ulemavu wake."

Darasani alivaa yeboyebo za mpira ili hatua zake zisigonge sakafu, na alisema kwa sauti ya mtu anayebembeleza kichanga. Ukikutana naye soko la Chikongola hutaamini ndiye yule. Atagombana na muuza muhogo mpaka watu wanajaa. "Huu muhogo au kuni? Kausha, upikie!" Nilikuwa nakaanga mihogo na samaki pale pembeni ya soko, niliyasikia kwa masikio yangu. Muuzaji mmoja alikuwa akimwona anakuja anaficha mzigo chini ya meza.

Jambo lililowaudhi watu kwake ni misiba. Haendi. Jirani kafiwa, nyumba ya tatu, turubai limefungwa, yeye anatuma maharage na kuni na hakanyagi. Hapa kwetu hilo halisameheki. Mtu anaweza kukosa sala, watu wakanyamaza. Kukosa mazikoni ni tusi. Nilimwambia siku moja, "Mwalimu, watu wanasema." Akasema, "Waseme. Umati unaniumiza kichwa, Mahurunga. Vilio vinanikaa masikioni wiki nzima." Nikamtazama, nikafikiria watoto wake, nao ni hivyo hivyo. Yeye akajisemea, "Ndiyo. Nimeshawahi kufikiria hivyo."

Hakuwa mpole kwetu wazazi. Mara ya kwanza nilipompeleka Yassini, nilieleza kama nilivyozoea kueleza: hasemi na watu, anapiga makelele, hali chochote chenye mchuzi, mganga wa kwanza kasema mashetani, wa pili kasema karogwa na upande wa baba. Alinisikiliza, kisha akasema, "Sijakuuliza hawezi nini. Saa ngapi hawezi?" Sikuelewa. "Anapiga makelele saa ngapi? Wapi? Kabla yake kulikuwa na nini?" Nilikuwa nimekaa na mtoto yule tangu azaliwe, sikuwahi kuyaangalia hayo hata siku moja. Ndiye aliyenipa neno usonji. Alilitamka kama mtu anayekutajia jina la samaki: wapo, wanaishi hivi, wanapenda maji haya. Halafu akaniambia niache kumlisha kwa mkono wangu. "Mtoto mkubwa huyu, Mahurunga. Unamlemaza wewe, si mashetani."

Nilimchukia kwa wiki kadhaa. Halafu Yassini akaanza kula mwenyewe.

Msimu wa korosho ulikuwa vita yake ya kila mwaka. Watu wote wanahamia mashambani, na mtoto kama wa kwetu ambaye anaweza kupotea porini wapo waliokuwa wanamfunga kamba kwenye mkorosho ili wafanye kazi. Sitawasema, hata mimi nimewahi kukata kamba ya kumfungia wa kwangu. Mwalimu alikuwa anapanda pikipiki kwenda huko mashambani na kuwatukana watu matusi ambayo hungetarajia kwa mwalimu, kisha anarudi mjini na watoto. Nyumba yake ya vyumba viwili inajaa. Msimu mzima anaapa kwamba huu ndio mwisho, mwakani hapokei mtoto wa mtu, yeye si jalala. Mwaka unaofuata pikipiki ile ile inapita.

Na alikuwa mwongo. Akitaka jambo kwa ajili ya mtoto alidanganya bila hata kupepesa. Kwa Bosi alisema wakaguzi wanakuja, mpaka darasa likapigwa chokaa. Hospitalini alisema ni nyanya wa mtoto. Chuoni alisema ni shangazi yake Yassini.

Chuo hicho cha ufundi cha mjini yeye ndiye aliyekitaka, si mimi. Mimi nilitaka Yassini abaki nyumbani, anisaidie kumenya mihogo, basi. Yeye alikuwa ameona mkono wa mtoto kwenye cherehani ya jirani. Alisema sauti ya cherehani ni ya kwenda tu, haikatiki ghafla, haimtishi, na kitambaa hakikuulizi maswali. "Huyu ni fundi nguo, Mahurunga. Tatizo si nguo. Tatizo ni lile lango, na watu waliomo."

Akaanza kumfundisha lango.

Jumapili chuo kikiwa kitupu, alikuwa anampeleka. Alishazungumza na mlinzi wa pale, akimpa ugoro. Siku ya kwanza walifika getini, wakasimama, wakarudi nyumbani. Nilimuuliza, "Mmefanya nini?" Akasema, "Tumefika." Jumapili nyingine wakaingia, wakaenda chooni, wakarudi. Choo kwanza, alisema, masomo baadaye, mtu asiyejua pa kujisaidia hasikii unachomfundisha. Kisha karakana ya ushonaji, akagusa cherehani moja moja, akachagua ya dirishani. Kisha mti wa kivuli nyuma ya jiko, pa kukimbilia kelele zikizidi. Kengele ya chuo Mwalimu aliirekodi kwenye simu. Kila siku baada ya chakula anaipiga, mwanzo kwa sauti ya chini kabisa, kisha kidogo zaidi, kidogo zaidi, mpaka siku moja simu inalia kwa nguvu zote na Yassini anaendelea kula wali. Mwalimu alitoka nje akacheza. Nasema akacheza, na mwili ule.

Alimfundisha kununua chakula kwa mama lishe wa pale, na wali ukiisha afanye nini. Hilo la pili lilichukua muda kuliko yote. Alimfundisha mwalimu asipotokea afanye nini, mvua ikinyesha apite wapi. Alimtengenezea kadi ya kuonyesha mtu, imeandikwa: NAKUSIKIA. NIPE MUDA NIJIBU. Kila alichoweza kukifikiria kwamba kinaweza kumshtua kijana chuoni alikileta kwanza nyumbani, akakifuga kama kuku, mpaka kikazoeleka. Kila kitu, isipokuwa mtu mwenye orodha kusimama mbele na kuita majina.

Ningemwambia. Niliwaona wakifanya mazoezi kibarazani kwangu, yeye anajifanya mpishi, anajifanya mwanafunzi mkorofi, mpaka anajifanya mvua. Ningesema tu, "Mwalimu, jaribu na kumwita." Sikusema. Lilinipitia kichwani, haki ya Mungu lilinipitia, nikasema ah, chuoni watu wazima, wataelewana.

Sasa Bwana Ludovick. Kabla chuo hakijafunguliwa Mwalimu alikwenda kwake, mimi nikiwa nyuma na khanga yangu mpya. Aliomba mambo mawili: wiki ya kwanza yeye akae humo chuoni na Yassini, na walimu wote wamwone na waelezwe. Bwana Ludovick hakunyanyua macho. Alisema, "Mama, hapa si chekechea. Tunapokea watu wazima. Kama anahitaji yaya, arudi kwa yaya." Mwalimu akasema, "Siyo yaya, mimi shangazi yake, na anahitaji wiki moja tu." Akasema, "Akishindwa kuishi kama wenzake, hiyo ni taarifa kwamba hapa si mahali pake." Yule mama wa sokoni, wa "huu muhogo au kuni", alisema, "Asante, Bosi," akatoka. Nje aliniambia akigomba, mtoto ndiye atakayelipizwa.

Na kijana aliweza! Hicho ndicho kinachonichoma. Alienda mwenyewe, akarudi mwenyewe. Alikaa kwenye cherehani yake ya dirishani. Fundi anayewafundisha karakanani alimpenda, kwa sababu mishono yake imenyooka na hana porojo. Alinishonea gauni, kola imekaa vizuri kuliko ya duka. Muhula mzima, hakukosa siku. Lakini kwenye yale masomo ya darasani wanakaa umati, na mwalimu anaita majina bila kuinua kichwa. Linaitwa lile la kwenye cheti. Yassini amekaa mbele kabisa, hasemi kitu. Hayupo. Kesho hayupo. Muhula mzima mtu amekaa mbele yao wanaandika hayupo. Mtihani ulipofika, Bwana Ludovick akasema mwenye jina lile ni mtoro, haruhusiwi, na akamuuliza aliyekaa pale, "Wewe nani?" Akajibu, "Yassini." "Yassini hatuna." Wakamshika. Mtu asiyependa kuguswa hata na mimi mama yake, wakamshika.

Mlinzi yule wa ugoro ndiye aliyempigia simu Mwalimu. Tukaja mbio. Mengine nimeshayasema.

Baada ya siku ile nilimrudisha Yassini Mahurunga. Alikuwa halali. Kila mara anakuja kuweka kiganja puani kwangu, nikikohoa anasimama. Na mimi ndipo nilipomwambia Mwalimu habari yote, kwa simu, nimejifunika khanga kichwani ili Dadi asisikie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo alinyamaza ili wewe uishi." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi nikalipiga mayowe." Hakunilaumu. Afadhali angenitukana kama muuza muhogo.

Alikuja kwa pikipiki kuonana na kaka yangu. Dadi ni mtu wa heshima zake, alimtolea kiti, akampa maji, akamsikiliza. Mwalimu alimwomba jambo dogo: amwambie Yassini kwamba kwenye karatasi za shule na chuo, lile jina ruhusa.

"Niliyoyasema porini hayatoki porini, Mwalimu," alisema Dadi. "Nangu, mimi, simo."

"Wewe shuleni ulikuwa unaitika lipi?"

Dadi akacheka. "Lile lile la utotoni. Ningefanyaje, na mwalimu ana fimbo?"

"Mama yenu akafa?"

"Hee! Mama? Mama amekufa juzi tu hapa, kichwa kizima mvi, meno yameisha."

"Basi mwambie Yassini hayo hayo uliyoniambia."

"Hayo hayasemwi."

"Umenisemea mimi, mwanamke."

"Wewe ni Mwalimu," akasema Dadi, na akamwongezea maji kwenye kikombe. Maneno yakaishia hapo. Niliwapikia, wakala. Kaka yangu angeweza kulimaliza siku ile kwa sentensi moja, na alikuwa na mdomo mzima umejaa ugali wangu.

Mwalimu akarudi kwa Bwana Ludovick. Akaambiwa jina libadilishwe kwa kiapo mahakamani. Akakihangaikia kiapo, akakipata. Akaambiwa sasa kijana ameshaonyesha fujo, amepiga mtu getini, wazee wa ukoo waje wamdhamini. Mwalimu akasema, "Aliyepigwa ni mimi, na mimi silalamiki." Akajibiwa utaratibu ni utaratibu. Na mzee wa ukoo ni nani? Dadi. Dadi akasema chuo kianze kumwita mtoto kwa jina lake, ndipo yeye atakwenda. Chuo kinamsubiri Dadi, Dadi anasubiri chuo. Katikati yao anapita mama mwenye presha, miguu imevimba inamwagika kwenye yeboyebo.

Mara ya mwisho kumwona alikuja na kuku mweupe. Alikuwa ameuliza watu desturi. Kovu la juu ya jicho bado jekundu. Nilimtolea kiti, akakataa, akakaa mkekani, mbali kidogo na Yassini aliyekuwa anachambua korosho.

"Mheshimiwa, nimeleta kuku. Nilikutukana."

Yassini akamtazama kuku. "Ana utitiri."

"Nitamwogesha."

"Kuku haogeshwi. Anapakwa majivu."

"Nitampaka majivu. Umenisamehe?"

"Kuku nimepokea." Akaendelea na korosho. "Mama bado."

"Bado nini?"

"Hajafa bado."

Mwalimu alinitazama. Alitoa kikopo cha ugoro, akakirudisha bila kunusa. Akauliza, "Aliyelitaja ni nani?"

"Wewe. Kwa nguvu."

"Wewe uliitikia?"

"Sikuitikia."

"Basi mama hahusiki. Linamrudia aliyelitaja. Lije kwangu."

Yassini akasimamisha mikono. "Utakufa wewe?"

"Nitakufa mimi, nimeshazeeka. Mama yako mwache."

Alifikiri. Nikamwona anafikiri, midomo inacheza. Akasema, "Sawa."

Mwalimu huyu ndiye aliyetukataza sisi wazazi kumtania mtoto, kumwahidi uongo, kumwambia neno ambalo hulimaanishi. Alitugombeza hata kwa kusema "nakuja sasa hivi" kama hatuji sasa hivi. Nikamsindikiza mpaka kwenye pikipiki, nikamwambia, "Mwalimu, umesema nini pale?" Akasema, "Nimempa apumzike. Akishapumzika nitalifungua taratibu, kama kengele. Nipe muda, Mahurunga."

Jioni ile Yassini alikula sahani mbili. Akalala. Hakuja tena kunipima pumzi.

Muda hakuupata. Presha ilimwangusha jikoni kwake, kabla mvua hazijakatika. Kwenye maziko watu walikuwa wachache, wa kutia aibu. Mji ulimlipa kwa misiba ambayo hakwenda. Watoto wake walikuja, Waheshimiwa, wamekuwa wakubwa, wamesimama huko mbali kila mmoja na mama yake. Na Dadi alikuja, kaka yangu mtu wa heshima. Tulipokuwa tunatoka makaburini, akasema kwa sauti, watu wasikie, "Si niliwaambia? Jina limepata mtu."

Yassini alikuwa nyuma yake, hatua chache.

Tangu siku hiyo mwanangu haondoki nyumbani. Hasumbui, hapigi kelele. Nikimwambia chuo, ananieleza kwa utulivu, kama mtu mzima anayemweleza mtoto: "Mwalimu alikufa badala yako, Mama. Wakiita tena, hakuna mwingine." Kiapo cha jina ninacho. Fundi wa karakana ameniambia cherehani ya dirishani haijapewa mtu. Bwana Ludovick anasema akija na mdhamini wa ukoo ataingia kwa jina jipya muhula ujao. Kumbe linawezekana! Lingewezekana na mwalimu wake akiwa hai. Ludovick, hilo utalijibu wewe, kwamba wiki moja uliyoombwa ingekugharimu nini.

Lakini mdhamini hata akipatikana, Yassini hatoki hapa na lile neno kichwani. Mimi nimemweleza, hanisadiki, anasema nasema hivyo kwa sababu namhurumia. Imamu amemweleza. Hasadiki. Aliyelifunga ni mmoja.

Kaka Dadi, mimi ni mdogo wako, sijawahi kukujibu hata mara moja. Nimekupikia, nimekuitikia, mtoto wangu nilikupa. Unaijua nyumba. Uje mchana, watu waone, ukae mkekani, umwambie mwanangu kwa mdomo ule ule kwamba mliwatisha. Kwamba wewe mwenyewe uliitikia na mama yetu akazeeka. Kwamba Mwalimu wake aliuawa na presha na kuhangaishwa na watu wazima wawili, na mmoja wao ni wewe. Usimtume mtu. Usiniambie hayasemwi, makaburini uliyasema.

Muhula unafunguliwa mkimaliza kuuza korosho. Unakuja lini?